Nani Aliyezihifadhi Nyimbo za Uskoti?

Wako watu wasemao ya kuwa nyimbo za kale za Uskoti zingalipotea zote kama wenye elimu wasingaliziandika vitabuni. Sisi hatulikubali neno hilo, ingawa twasikia hata waalimu wenzetu wakilikariri.

Kitabu huweka maneno, lakini wimbo una mahadhi pia. Walter Scott alipochapa nyimbo za mpakani katika mwaka 1802, alizichapa pasipo mahadhi yake, na maneno mengine akayatengeneza kwa kalamu yake mwenyewe. Margaret Laidlaw, mamaye mshairi James Hogg, aliyekuwa miongoni mwa waliomwimbia Scott, alimlaumu usoni pake ya kwamba nyimbo hizo zilitungwa ziimbwe, wala si zisomwe, naye kwa kuzichapa ameziharibu. Habari hii aliiandika mwanawe. Wengi huisimulia kwa kucheka; sisi twaona bibi yule alisema haki.

Wala hatuwadharau wakusanyaji. Gavin Greig alikuwa mwalimu wa shule ya shamba katika Aberdeenshire, mwenzetu kabisa, naye pamoja na mchungaji James Duncan walikusanya maneno ya nyimbo zaidi ya 3,000, na mahadhi kwa wingi. Waliwaendea watumishi wa mashamba na akina mama majumbani, wakawasikiliza kwa adabu. Greig alifariki mwaka 1914, na Duncan mwaka 1917. Je, karatasi zao zilifanywaje? Mwaka 1925 ilichapwa sehemu tu, na kitabu kikaitwa cha majani ya mwisho, kana kwamba mti umekwisha kukauka! Mkusanyo mzima ulianza kutoka mwaka 1981, ukamalizika mwaka 2002. Muda huo wote nyimbo zilikuwa zikiishi wapi, kama si vinywani?

Mwaka 1953 Hamish Henderson alifika mlangoni pa Jeannie Robertson, mjini Aberdeen. Mama huyu alikuwa wa jamii ya watu wahamao na mahema yao, wafuao bati na kuuza farasi, waliodharauliwa vijijini na kufukuzwa kambini. Akaimba, na mashine ya kunasa sauti ikazipokea zile nyimbo ndefu za hadithi zilizodhaniwa kuwa zimekwisha. Mwaka 1968 alipewa nishani ya kifalme. Nyimbo zake alizirithi kwa mama yake. Basi asemaye ya kuwa vitabu ndivyo vilivyoziokoa, na atutajie kitabu alichofundishwa mama yule.