Msituwekee Mlango Kiwanjani

Naandika kupinga kiingilio. Kuna wazo limezuka hapa kambini na kila wiki linapata wasemaji wapya: kwamba mashindano yajayo ya vijana, kiwanja kizungushiwe shitingi, uachwe mlango mmoja, na kila anayeingia alipe faranga 500 akiwa mtu mzima, 200 akiwa mtoto. Pesa hiyo, wanasema, itanunua mipira na nyavu, na mwamuzi atapata kitu kidogo. Nia yao siitilii shaka. Wengine nimecheza nao timu moja. Lakini wazo lenyewe ni baya, na afadhali tulikatae sasa, kabla miti ya uzio haijasimikwa.

Tufanye hesabu kwanza. Baba, mama na watoto watano: wakubwa wawili ni 1,000, watoto watano ni 1,000 nyingine. Mechi moja, faranga 2,000. Mashindano yakichezwa Jumapili nne, ni 8,000. Nani kati yetu, tangu rasheni ipunguzwe, ana 8,000 za kutazama mpira? Mama jirani yangu nilipomwambia hesabu hii alicheka, akasema: «Miye sinaga hata mia ya chumvi, nitatoa wapi ya balo?» Huyo mama hakosi mechi. Mwanawe anacheza beki.

Sasa nisikilizeni wenzangu mnaosema: «Mbona kwenye sine watu wanalipa kuona Arsenal na Barcelona?» Ndiyo, wanalipa. Mwenye sine ananunua mafuta ya jenereta, analipia dekoda, ana televisheni inayoweza kuharibika. Anauza kitu alichokigharimia. Lakini hebu siku moja ingieni mle ndani mtazame nani amekaa kwenye mabenchi. Ni vijana wa kiume, na baadhi ya baba wenye kibarua. Mama hamwoni. Mzee hamumwoni. Watoto wako nje, wamebandika jicho kwenye tundu la bati. Mkitaka kujua kiwanja chetu kitafanana na nini kikiwekwa mlango, jibu mnalo tayari, liko pale sine.

Mimi ni Mkongomani wa Fizi, lakini nimeoa Ryansoro, mkoani Gitega. Nimepata kwenda kwa wakwe nikiwa na ruhusa yangu ya kutoka kambini, na nimeona mpira wa kule. Jumapili baada ya ibada, vijana wa kilima kimoja wanacheza na wa kilima kingine. Kiwanja hakina ukuta. Watu wanakaa kwenye mteremko kama mko kwenye jukwaa, wazee mbele, watoto pembeni wakipiga mpira wao wa majani ya migomba. Mama mmoja anauza karanga, mwingine ndizi mbivu. Hakuna anayehesabu vichwa, na kilima kimejaa.

Watu hao hao ukiwaambia waende Gitega mjini, kwenye uwanja wa Ingoma, kuona mechi ya ligi, wanakuuliza: kwa nauli ipi? Bei iliyoandikwa dirishani ndiyo ndogo kuliko zote. Kuna nauli ya kwenda, kuna ya kurudi, na sote tumeona nauli zilivyopanda Burundi petroli ilipokuwa adimu. Kuna chakula cha njiani, kuna siku nzima ya kazi iliyopotea. Basi majukwaa yakionekana na mapengo, atatokea mtu amevaa tai aseme: «Warundi hawapendi mpira wa nyumbani, wanapenda wa Ulaya.» Si kweli. Mapenzi yapo Ryansoro kila Jumapili, bure. Ambacho hakipo ni nauli.

Angalieni timu ya taifa. Tarehe 23 Machi 2019, Bujumbura, Burundi ilitoka sare ya 1-1 na Gabon, Gabon ya Aubameyang, ikafuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Sisi wakimbizi tulishangilia na wenyeji kama ni timu yetu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 9 Juni 2022, Burundi ilikuwa mwenyeji wa Cameroon, lakini mechi haikuchezwa Burundi. Ilichezwa Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa sababu viwanja vya nyumbani havikufikia masharti ya CAF. Kwa mkulima wa Ryansoro bei ya tiketi ya mechi ya «nyumbani» sasa ilikuwa na mpaka wa nchi ndani yake. Mkapa una viti 60,000. Kama mtu angekaa pale ahesabu Warundi, halafu aandike kwamba Warundi hawaipendi timu yao, mngemwitaje?

Ndiyo maana nasema: mkiweka bei mlangoni kisha mkahesabu waliohudhuria, mmehesabu mifuko. Mapenzi hamjayagusa.

Na msidhani ni kilio cha maskini tu. Tarehe 6 Februari 2016, pale Liverpool, Uingereza, wenye klabu walikuwa wametangaza tiketi ya pauni 77 kwa msimu uliofuata. Timu ilikuwa inacheza na Sunderland, inaongoza 2-0. Dakika ya 77 maelfu ya mashabiki wakasimama wakatoka nje. Mechi ikaisha 2-2. Siku chache tu baadaye wenye klabu wakaomba radhi na kuifuta bei ile. Mwaka huo huo klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zikakubaliana kwamba shabiki anayesafiri na timu yake asilipishwe zaidi ya pauni 30. Watu wale wana mishahara. Lakini walielewa jambo moja: anayekaa jukwaani ni sehemu ya mchezo, ukimfukuza umeupunguza mchezo wenyewe. Ujerumani nako, Dortmund, kuna jukwaa moja la watu kusimama, linabeba mashabiki kama 25,000, na limeachwa la kusimama kwa makusudi ili mtu wa kipato kidogo naye aingie. Uwanja ule unajaa.

Mtanijibu: wale wana pesa za televisheni, sisi hatuna. Kweli. Lakini basi tuseme wazi tunataka kumtoza nani. Wao wanazitoa kwa makampuni, sisi tunataka kuzitoa kwa mama wa beki.

Kuna jibu jingine nalisikia sana: «Kitu cha bure hakiko na heshima.» Jamani! Kanisani mnaingia bure, msikitini mnaingia bure, msibani mnaingia bure. Ni wapi kati ya hapo mmekosa heshima? Kanisani kikapu kinapita, mwenye nacho anatia, asiye nacho anainamisha kichwa na kuendelea kuimba. Hakuna aliyesimamishwa mlangoni aonyeshe sarafu kwanza.

Tena nawaomba muwataje kwa sura wale watakaobaki nje ya shitingi.

Wa kwanza ni watazamaji wa mechi za wasichana. Mnakumbuka walivyoanza? Watu walikuwa wanacheka. Leo wana mashabiki, na mashabiki hao hawakuja kwa tangazo. Ni akina mama waliokuwa wanapita kutoka kuchota maji, wakatua ndoo, wakatazama dakika tano, zikawa ishirini. Anayepita na ndoo hawezi kupita ndani ya uzio. Weka mlango, na timu ya wasichana itarudi kucheza mbele ya kocha na mbuzi.

Wa pili ni wenyeji wetu. Warundi wa vilima vinavyotuzunguka hapa Muyinga huja kutazama, nasi tunakaa nao kwenye nyasi hizo hizo. Kuna maneno mengi kati ya kambi na vilima: kuni, maji, mbuzi aliyekula mahindi ya mtu. Kiwanjani maneno hayo yanapoa, kwa sababu mtu mliyeshangilia naye bao Jumapili ni vigumu kumtukana Jumatatu. Semina ngapi za amani zimefanyika chini ya turubai, na soda? Hapa tuna amani isiyo na bajeti, halafu sisi wenyewe tunataka kuitoza 500.

Wa tatu ni watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mtoto hujifunza kucheza kwa kutazama wakubwa. Mkimtoza 200, hatakaa nyumbani, atatoboa shitingi. Kisha mtaweka walinzi wenye fimbo, na mpira wa vijana utakuwa na walinzi wanaokimbiza watoto.

Wa nne ni mama wa karanga na mama wa mandazi. Leo mwenye 200 mfukoni ananunua karanga, na pesa inaingia kwenye jiko la mtu. Kesho 200 hiyo itaishia mezani mlangoni. Hamjaongeza pesa kambini, mmeihamisha tu kutoka kwa mama mpaka kwenye kisanduku.

Na kuna jambo ambalo halina bei. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Abidjan, Congo na Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu wa Leopards walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia: watu wa mashariki ya Congo wanauawa na ninyi mmenyamaza. Walikuwa wanatusema sisi. Usiku ule sine ilijaa, na walioshindwa kulipa walisimama nje wakisikiliza kupitia bati. Mama mmoja, ambaye alizika watu wake kabla ya kuvuka, alikuwa anauliza: «Wamefanya nini? Wamefanya nini?» Mtu akamweleza kupitia ukuta. Tulifungwa 1-0, hilo ni la mpira. Lakini yule mama aliyekuwa anasemewa mbele ya dunia nzima alipata habari zake kwa kuambiwa, kwa kukosa sarafu. Sine siwezi kuibadilisha, ni biashara ya mtu. Kiwanja ni chetu. Kwa nini tukifanye kifanane na sine?

Mipira inahitajika, sikatai. Basi napendekeza hivi. Kiwanja kibaki wazi. Wakati wa mapumziko wachezaji wawili, mvulana mmoja na msichana mmoja, wazunguke na kopo. Kabla ya kipindi cha pili kuanza, kiasi kilichopatikana kitangazwe kwa sauti mbele ya watu wote, kiandikwe ubaoni, na kilichonunuliwa kiandikwe chini yake. Anayeuza vitu pembeni ya kiwanja aombwe kuchangia kidogo, kwa hiari. Mechi ya wasichana ichezwe siku hiyo hiyo ya fainali, kabla ya ile ya wavulana, ili watu wale wale waione. Pesa itapatikana kidogo kidogo, na kila mtu ataona imekwenda wapi. Kisanduku cha mlangoni kina funguo, na funguo zina mwenyewe. Hapo ndipo ugomvi wa kambi nyingi ulipoanzia.

Kwenu ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma jarida hili, nina maneno machache. Mkiombwa shitingi na miti kwa ajili ya uzio, kataeni. Nendeni mkaangalie mapaa yanayovuja kwanza. Mkiwa na kidogo kwenye bajeti, leteni mipira, nyavu na viatu vya wasichana. Na mnapoandika ripoti zenu, kile kisehemu cha «idadi ya waliohudhuria», ongezeni mstari mmoja: nani hakuwepo, na kwa nini. Maana najua namba zinavyosafiri. Mwaka huu mtaandika watu 300 waliolipa. Mwakani mtu aliye mbali, asiyejua habari ya mlango, atasoma 300 na kusema mpira hauna watu, pesa iende kwingine. Na kiwanja kitakuwa kimekufa kwa namba tuliyoitengeneza sisi wenyewe.

Jambo hili litajadiliwa kwenye mkutano wa vijana kabla ya droo ya mashindano. Mimi nitasimama niseme haya niliyoandika. Wamama wa kisimani, wauza karanga, makocha wa wasichana, na ninyi watoto mnaojua matundu yote ya bati la sine: njooni. Ule mkutano nao hauna kiingilio, bado.