Kijana Anapotumwa Ugenini

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuwaona, mjini Dar es Salaam au Nairobi, vijana wawili wawili waliovaa mashati meupe na tai, wenye vibati vya majina kifuani. Hao ni wamisionari wa kanisa la Wamormoni. Wengi wao ni wa umri wa mtu aliyemaliza shule juzi tu. Wa kiume hutumikia miaka 2, wa kike miezi 18, wala hawachagui mahali pa kwenda. Wao huletewa wito, na ndani yake wanakuta jina la nchi. Mmoja hupelekwa kwa waumini wasemao Kichina, mwenziwe kwa wasemao Kiswahili, na kila mmoja hupewa majuma machache tu ya kujifunza lugha kabla ya kusimama mbele ya watu wazima na kufundisha. Mpaka mwaka 2019 waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara 2 tu kwa mwaka. Mzazi wa kwetu akisikia habari hizo huuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, akiugua?

Swali hilo si geni katika Tabora. Karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi aghalabu hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili mpaka awe amebeba mzigo hadi pwani na kurudi. Mzigo wenyewe ulikuwa wa kilo zipatazo 30, na safari kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ilichukua yapata miezi 3. Wazazi walimwaga machozi yao wakamwacha aende. Lakini kijana huyo alikwenda na ndugu na rafiki zake, akiimba nyimbo za kwao, na nia yake ilikuwa kurudi na nguo na sifa. Mimi namfikiria kijana wa namna nyingine, aliyeelekea bara katika njia za misafara za zama hizo, asitazamie kurudi.

Jina lake lilikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko Mapadre Weupe wakamnunua ili wamkomboe. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na shauri lake: watoto wa Kiafrika waliokombolewa wafundishwe uganga wa kisasa, kisha wapelekwe kwenye misheni za Afrika ya kati wakawe waganga na makatekista. Basi Atiman akapelekwa Malta mwaka 1881, akasoma udaktari. Mwaka 1888 akashika njia ya Afrika Mashariki pamoja na msafara wa mapadre, na mwaka 1889 akawasili Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka kama 23.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu aliyeuzwa utotoni anaelekea bara katika nchi ambayo bado watumwa na pembe za ndovu walipelekwa pwani. Karibu na Tabora, mahali paitwapo Kipalapala, shirika lake lilikuwa limefungua makao ya yatima, na wengi wa watoto hao walikuwa wamekombolewa kama yeye. Sijui ni mmisionari gani wa Ulaya ambaye angeweza kuyatazama hayo kwa macho aliyokuwa nayo Atiman.

Hapa nasita kidogo. Yasemwa kwamba alijitolea, nami sina sababu ya kukanusha. Lakini mtoto aliyekombolewa hupata wapi kinywa cha kumwambia aliyemkomboa, "La, mimi sitaki"? Wamormoni vijana, hata wakisukumwa na matumaini ya wazazi wao, wana siku ya kurudi iliyoandikwa. Mapadre wa Karema walikuwa na nchi ya kuandikia barua. Kwao Atiman palikuwa upande wa pili wa bara hili. Wema aliotendewa ulikuwa wema wa kweli, na juu ya hayo ulikuwa deni. Nadhani haifai tukiuficha upande huo kwa kuwa tu mwisho wake ulikuwa mzuri.

Sasa suala la lugha. Mhubiri mgeni aweza kukariri mahubiri, na watu wakamvumilia. Mganga hawezi. Mgonjwa hasemi "naumwa tumbo" akanyamaza. Atasema tumbo linakata, linanyonga, linachoma, au limejaa, na kila neno lina ugonjwa wake. Mganga asiyezielewa tofauti hizo atampa mtu dawa ya jirani yake. Atiman alisoma kwa lugha za Ulaya, kisha ikambidi ajifunze upya kusikiliza, katika lugha za ziwani, miongoni mwa Wabende na majirani zao. Msikilizaji wa mhubiri akichoka huenda zake. Mgonjwa yeye hurudi kesho yake, nawe huna budi kumwelewa.

Jambo jingine lililomtenga na wamisionari wenzake ni kwamba alioa. Mkewe alikuwa Agnes Wansahira, wa Wabende. Kwa ndoa hiyo alipata wakwe, mashemeji na masengenyo, yaani yale yote ambayo padre, na hata kijana wa miaka 2, hupita kando yake. Mwana wao Joseph alipata upadre mwaka 1923. Atiman mwenyewe aliendelea kutibu wakati wa Wadachi, kisha wakati wa Waingereza, akafariki Karema mwaka 1956, miaka 67 tangu awasili.

Karema siku hizi imo katika Mkoa wa Katavi. Msomaji wa Tabora atakaye kupaona hupanda gari moshi la Mpanda, akashuka huko, kisha akatafuta gari la kumshusha ziwani, kilometa zaidi ya 100. Wakati wa masika aulize kwanza hali ya barabara.