Tusiikimbie Elimu ya Falaki



Ndugu wanafunzi, baadhi yenu husema kuwa falaki ni elimu ya dunia, haimhusu mwanafunzi wa madrasa. Wengine hufanya kinyume: wakisikia ugunduzi mpya, hukimbilia kuubandika kwenye aya kabla hawajaufahamu. Sisi tunaona kuwa wote wawili wamekosea.

Tuchukue mfano. Galaksi yetu, Njia ya Maziwa, ina umbo la sahani, na upana wake ni kama miaka ya nuru 100,000. Nyota zake zimejipanga katika sahani mbili: nyembamba, ambamo limo jua letu, na nene, yenye nyota kongwe zaidi. Kwa nini ziwe mbili?

Mwaka 2018 wataalamu walichunguza vipimo vya chombo cha angani Gaia, wakakuta nyota nyingi zenye mwendo usiofanana na wa nyingine. Wakatambua kuwa hayo ni mabaki ya galaksi ndogo iliyomezwa na yetu yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Nyota hazikugongana moja kwa moja, kwani nafasi baina yake ni kubwa mno. Lakini mvuto wa mgeni yule ulizitikisa nyota za sahani ya awali, zikawa zinapanda na kushuka, na sahani ikanenepa. Gesi, kwa kuwa hupoa, ilitulia tena taratibu ikafanya sahani nyembamba. Humo ndimo jua lilimoumbwa, miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Hayo yamejulikana kwa kupima, na kupima ni katika urithi wetu. Abdulrahman al-Sufi, mwaka 964, aliandika habari za kijiwingu ambacho leo twakijua kuwa ni galaksi ya Andromeda.

Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa Andromeda lazima itagongana na galaksi yetu. Mwaka 2025 hesabu mpya zikaonyesha kuwa uwezekano ni kama nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Je, aliyekwisha kuibandika habari ile kwenye aya, leo atasema nini? Aya haibadiliki, ila hesabu za wanadamu hubadilika.

Basi tuisome Aal Imran, aya ya 190 na 191, tutafakari, na shuleni tusikimbie hesabu na fizikia. Anayetafakari asichokijua huishia kukisia.

Wabillahi tawfiq.