Nyumba Njema Si Bati

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi wa leo tumeugeuza usemi huo. Mpita njia akifika kata ya Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, akaona bati linang'aa, husema hapo pana maendeleo. Akiona tembe, hutikisa kichwa na kusema hapo pana umaskini. Wala hajaingia katika nyumba hata moja. Hukumu ya namna hiyo ni kasumba, na pahali pa kuing'oa ni darasani, kwa vijana wanaosomea usanifu wa majengo.

Hebu tuitazame tembe yenyewe. Wanyaturu, kama jirani zao Wanyiramba na Wagogo, waliijenga kwa vitu vilivyokuwa miguuni pao. Nguzo zenye panda husimikwa, boriti hulazwa juu yake, fito hupangwa, majani hutandazwa, kisha udongo hushindiliwa. Kuta nazo hukandikwa udongo. Paa ni bapa kwa kuwa mvua ni ya msimu mmoja na si nyingi, na upepo mkali wa nyanda za Singida haupati pa kulishika. Udongo ule mzito hulipokea joto la jua polepole mchana kutwa, na usiku wa baridi hulirudisha kwa wenye nyumba. Bati tupu halifanyi hivyo: mchana huwa kikaango, usiku huwa barafu. Waliojenga tembe hawakuwa na shahada, lakini walikuwa wamejibu maswali manne ambayo kila msanifu hana budi kuyajibu: hali ya hewa ikoje, vifaa viko wapi, nani atajenga, na nani atakarabati.

Hatusemi haya ili kuitukuza tembe. Ina kasoro zake, na anayeificha kasoro si mwalimu. Nyufa za kuta na sakafu za udongo ni maficho ya papasi, nao huleta homa kali. Madirisha ni madogo, moshi wa jikoni hauna pa kutokea. Mchwa hula nguzo. Paa huvuja na kudai udongo mpya kila mara. Zaidi ya yote, tembe moja hula miti mingi, na misitu ya leo si ile ya mababu. Kwa hiyo kumwambia mkulima wa Unyambwa arudi kwenye tembe ya babu yake ni porojo ya mtu anayelala mahali pengine.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuirekebisha nyumba na kuidharau. Kule Kwihara, Tabora, nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 inatunzwa kama makumbusho, na wageni huonyeshwa kwa fahari. Tembe aliyolala Mzungu ni historia. Tembe anamolala mama yetu ni aibu. Kama hii si kasumba, basi neno hilo halina maana.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilikemea taifa kwa kuabudu bati na saruji, ile ambayo wazee waliiita udongo Ulaya, hali udongo wa matofali na vigae umejaa nchini. Leo tunayo sababu nyingine ya kumsikiliza. Saruji huokwa katika tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450, na viwanda vyake duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na kazi za binadamu. Mfuko uliotoka Wazo, Dar es Salaam, husafiri kilomita 700 hivi kabla ya kufika Singida. Hata hivyo, tofali la kuchoma nalo tulipime: tanuri lake hula magogo, na nchi kavu haina magogo ya kuchezea. Ndiyo maana tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kutiwa saruji kidogo, bila kuchomwa, linastahili nafasi kubwa zaidi katika masomo yetu.

Watakuwapo watakaosema: mwananchi mwenyewe anataka bati. Ni kweli, naye ana haki. Bati halidai udongo mpya kila mwaka, tena hukinga maji. Tukadirie nyumba yenye paa la mita za mraba 60, mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa hilo hupokea lita 36,000. Hata tukitoa thuluthi kwa maji yanayopotea, zabaki lita 24,000, yaani ndoo 1,200 za lita 20. Ni safari ngapi za mama na binti zingeokolewa! Lakini tazama nyumba zetu za bati: ngapi zina mifereji na tangi? Tumenunua bati kwa fahari ya kung'aa, tukayaacha maji yapotee ardhini. Beda Amuli hakufanya hivyo alipobuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975: miavuli ya zege ya paa lake ilibuniwa ikinge pia maji ya mvua.

Nje ya mipaka yetu uko mfano mwingine. Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alijenga shule ya msingi kijijini kwao, ikakamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo yenye saruji kidogo. Juu yake dari ya matofali. Na bati limeinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu duniani. Hakuchagua kati ya udongo na bati. Aliuliza kila kimoja kinaweza kazi gani.

Basi tunadai nini kwa vyuo na shule zetu? Kwanza, mwanafunzi wa usanifu apelekwe Unyambwa na kwingineko, akae na mafundi na akina mama, apime joto la tembe na la nyumba ya bati saa nane mchana na saa kumi alfajiri, kabla hajaruhusiwa kuchora. Pili, kila mchoro uandamane na hesabu: miti mingapi, saruji kiasi gani, maji kiasi gani, na fundi wa kijijini ataweza kuukarabati au la. Tatu, mtihani umuulize kasoro za tembe na dawa zake: papasi, moshi, mchwa.

Asiyeweza kujibu hayo asipewe cheti, hata kama michoro yake inapendeza kama picha za kalenda. Atakuwa dalali wa nyumba za watu wengine, na mkulima ndiye atakayelipa: kwa deni la dukani, kwa joto la mchana, na kwa miti ya wajukuu wake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechakaa. Wanafunzi wetu wafundishwe kuushona.