Keki ya Mbabula Si Keki ya Aibu

Kuna imani iliyoota mizizi Rubaya na Masisi nzima, huku Kivu Kaskazini: fetu, yaani sherehe, isiyo na keki kutoka Goma ni fetu pungufu. Mtoto akipata komunyo ya kwanza, binti akitolewa mahari, kijana akipata diploma, jamaa huuliza kwanza keki imeagizwa kwa nani. Mama akijibu kwamba ataioka mwenyewe nyuma ya nyumba, juu ya mbabula, lile jiko la makaa, wakwe hutazamana. Keki ya nyumbani, wanasema, ni mkate uliotiwa sukari. Keki halisi imetoka kwenye oveni ya umeme, ina ghorofa tatu, krimu nyeupe na jina la mwenye sherehe.

Imani hiyo ni ya uongo, tena inatugharimu. Inamaliza akiba za watu wasio na akiba. Inawavunjia heshima wanawake wenye ufundi mikononi. Na mara nyingi inawafanya wageni wale kitu duni kuliko kile ambacho nyumba yenyewe ingewapa.

Tuanze na keki yenyewe. Kanuni moja ya zamani ni uzito sawa wa mayai, unga wa ngano, siagi na sukari. Ukipima mayai yako, umekwisha kujua kipimo cha vyote vilivyobaki. Ndani ya kanuni hiyo hakuna kitu kinachopatikana Goma peke yake. Kazi ya oveni ni kuizingira keki kwa joto pande zote, na kazi hiyo sufuria nzito yenye kifuniko inaiweza. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria, weka juu yake chombo chenye rojo ya keki, funika, kisha panga makala machache yaliyokolea juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe wa wastani. Usifunue kabla ya nusu saa. Fanya kazi hiyo uani au barazani, si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya makala inaua.

Ufundi huo si wa dharura wala wa umaskini. Wanawake wa Zanzibar, Mombasa na Lamu wameoka mkate wa mayai na mkate wa kumimina kwa moto wa chini na juu, wakipalia makaa kwenye kifuniko, kwa ajili ya harusi, Idi na wageni wa heshima. Mgeni wa Zanzibar akipewa mkate wa kumimina haulizi umepikwa kwa jiko gani. Anauliza kama kimebaki kipande kingine. Kwa nini basi moto uleule ulete heshima pwani, halafu ulete aibu Masisi?

Wako watakaosema wamejaribu, na keki imeanguka katikati. Hapo ndipo imani hii inapopata nguvu: mama anaona keki yake imebonyea, anaamini hana mkono wa kuoka, na mwaka unaofuata anaagiza. Lakini kosa si lake. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Rubaya iko juu zaidi, milimani. Huku juu hewa ni nyepesi. Maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na hata kule chini Goma huchemka karibu na nyuzi 95. Hewa inayotolewa na unga wa kuumulia hutanuka haraka, keki ikapanda kabla ya kuiva, kisha ikashuka kwa kukosa cha kuishikilia. Vitabu vingi vya mapishi tulivyoletewa viliandikwa na watu wa nchi za chini, karibu na bahari, na vipimo vyao ni vya huko. Mama wa Rubaya apunguze robo ya unga wa kuumulia, apunguze sukari kidogo, aongeze vijiko viwili vya maziwa, na aanze na moto ulio mkali kidogo. Keki itasimama. Maarifa kama haya yangepaswa kufundishwa katika kila kikundi cha akina mama, badala ya kuwaacha wajilaumu.

Hata huo unga wa kuumulia, ambao leo tunauona kama siri ya wataalamu, ulitokana na shida ya nyumba moja. Mwaka 1843 Mwingereza Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliutengeneza kwa sababu tumbo la mke wake halikuvumilia hamira. Alitaka mkewe ale kilicho laini kama wenzake. Hiyo ndiyo asili ya kopo tunalonunua dukani: mtu mmoja kumtafutia mwenzake chakula kinachomfaa.

Sasa tuitazame keki inayoagizwa. Inatoka Goma, inapita Sake, inapanda Mushaki na kuja hadi Rubaya kwa njia ambayo kila dereva anaijua kwa mashimo yake, na mvua ikinyesha, kwa matope yake. Inafungwa nyuma ya pikipiki au inapakatwa ndani ya gari lililojaa. Ghorofa ya juu inaegemea ya chini, maandishi yanafutika. Ili ivumilie safari, krimu yake aghalabu si maziwa. Ni mafuta ya mimea na sukari, iliyoletwa kutoka nje ikiwa unga au rojo, na ikapigwa mpaka ivimbe. Tena katika keki nyingi za arusi, ghorofa zinazopendeza zaidi machoni ni katoni au povu gumu lililopakwa sukari. Bibi arusi anakata pale alipoelekezwa, kwa sababu kwingine kisu hakipiti.

Hayo yanatendeka wapi? Masisi, nchi ya ng'ombe! Jibini ya Masisi inajulikana Goma na mbali zaidi. Pamoja na mifugo yote iliyoibwa na kuuawa katika miaka ya vita, bado kuna maziwa kwenye vilima hivi. Maziwa hayo yanashuka mjini, na sisi tunatuma dola mjini ili tupandishiwe krimu isiyo na maziwa. Ndivyo tulivyozoeshwa. Machimbo ya Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, na maisha yetu yote tumeona kitu cha thamani kikishuka kikiwa udongo, na kitu kilichong'arishwa kikipanda kwa bei ya juu. Tumeanza kuamini kwamba mikono ya hapa ni ya kuchimba na kubeba tu. Imani hiyo sasa imeingia hadi kwenye meza ya ubatizo wa mtoto, na lazima ikataliwe pale mezani.

Kuhusu mapambo, hatuna sababu ya kuogopa. Krimu ya siagi ni siagi iliyopigwa na sukari laini, na sukari ya kawaida huwa laini ikitwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Mama wa Dar es Salaam au Mombasa hupigana na joto linaloyeyusha krimu hiyo kabla wageni hawajakaa. Baridi ya Rubaya inaishika ikakaa imara toka asubuhi hadi jioni. Mfuko safi wa plastiki uliokatwa pembe unaandika jina vizuri. Maji ya bitiruti yanatoa rangi ya waridi, marakuja yanatoa harufu na ukali unaokata utamu, karanga zilizokaangwa na kupondwa zinafunika pembeni. Keki ya namna hiyo ina sura ya mahali ilipozaliwa, na hailazimiki kufanana na picha ya simu.

Wapo watakaonikemea: watu wamekimbia makazi, tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa waasi wa M23, na wewe unaandika juu ya keki? Naandika kwa sababu hiyohiyo. Watoto wanaendelea kuzaliwa na kubatizwa, na vijana kuoana, vitani, na familia haziachi kuwafanyia fetu. Zinachoacha ni kulipa karo, kwa sababu fedha imekwenda kwenye keki ya kuonyesha. Siku ya raha kwa familia iliyopata taabu ni haki yake. Deni la kuonyesha mbele ya wakwe si haki ya mtu yeyote.

Sisemi kuoka nyumbani ni bure. Mayai mengi yanayouzwa Goma hutoka Uganda na Rwanda, unga wa ngano husafiri mbali, na mpaka ukifungwa bei hupanda. Lakini fedha hiyo inageuka kuwa chakula chote, si katoni, na sehemu yake inabaki kwa mwenye ng'ombe, mwenye kuku na muuza makala wa mtaani. Wala sina ugomvi na mafundi wa keki wa Goma. Ni watu wa jasho lao, na mwenye uwezo akiwapa kazi ni vema. Ninachokikataa ni ile hukumu kwamba asiyewaagiza ameiaibisha familia yake.

Basi nawaomba wakwe, mashangazi na wajomba: mkiletewa keki iliyookwa na mama wa nyumba, ipokeeni kwa mikono miwili na mseme mbele ya watu nani ameioka. Nanyi vijana mnaojiandaa kuoa, msimtume mtu kukopa kwa ajili ya ghorofa za povu. Na wewe mama unayesita kwa kuogopa vicheko: pima mayai yako, punguza unga wa kuumulia, washa mbabula. Keki yako ni keki kamili.