Mfasiri Naye Anyamaze

Nchini Rwanda, kama ilivyo Uganda, Kenya na Tanzania, filamu za kigeni hufafanuliwa na mtu anayezungumza juu ya picha. Wanyarwanda huziita agasobanuye. Wapo wanaodai kwamba mfafanuzi bora ni yule asiyenyamaza. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bweyeye, ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, tunaipinga hoja hiyo.

Tutazame filamu za kutisha za Mwitalia Dario Argento. Katika Profondo rosso ya 1975, wimbo wa kitoto husikika kabla ya mauaji. Katika Suspiria ya 1977, muziki wa bendi ya Goblin hunong'ona habari za uchawi mapema, kabla msichana mgeni katika shule ya dansi hajatambua kuwa wakuu wake ni wachawi. Hapo muziki ndio msimulizi. Anayepayuka juu yake hafasiri, bali anafuta.

Watasema mtazamaji hajui lugha ya kigeni. Ni kweli, na mazungumzo yafasiriwe. Lakini pasiposemwa neno, hufasiriwa nini? Katika ngoma za pepo za pwani, kila aina ya pepo ina mdundo wake, nao wazoefu huutambua bila kuelezwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini humu tangu 2017, na baadhi ya wanafunzi wetu huenda wakawa wafasiri. Basi, walimu wenzetu, tuwafundishe maneno, na pia mahali pa kuyazuia.