Ibrahimu angeuliza nini Raqqa?

Katika Mwanzo sura ya 18 Ibrahimu anabembeleza mbele za Mungu kwa ajili ya Sodoma: je, mwenye haki ataangamizwa pamoja na mwovu? Anaanza na watu hamsini, anashuka hadi kumi, kama mnunuzi sokoni. Mzee huyu aliwahi kukaa Harani, si mbali na mji wa Raqqa nchini Syria, kando ya Mto Frati.

Mwaka 2014, Syria ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kundi la Dola ya Kiislamu liliitawala Raqqa. Wakristo wakatozwa kodi ya kichwa, misalaba ikang'olewa makanisani. Ndiyo maana ndege za Marekani na washirika wake zilipoanza kushambulia Septemba 2014, na za Urusi mwaka mmoja baadaye, Wakristo wengi walishangilia. Padri Vsevolod Chaplin, msemaji wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi, alidiriki kuviita vita vitakatifu.

Ndege zilisaidia, tusikatae. Bila mabomu ya Marekani, huenda Wakurdi wasingeuokoa mji wa Kobane. Lakini rubani haoni aliye chini ya paa. Raqqa ilipigwa kuanzia Juni hadi Oktoba 2017, huku magaidi wakijificha katika nyumba za watu na kuwazuia raia kukimbia. Mashirika ya Amnesty International na Airwars yalihesabu raia zaidi ya 1,600 waliouawa na mashambulizi ya muungano ulioongozwa na Marekani. Muungano ulikiri sehemu ndogo tu. Kwingineko, hospitali za Aleppo zilipigwa, na Moscow ikakana.

Ibrahimu hakuwatetea waovu wa Sodoma. Aliuliza habari za wasio na hatia. Anayeuliza hivyo leo huambiwa anatetea magaidi, wakati mwingine na Wakristo wenzake.

Linaloniuma zaidi ni namna vita vile vilivyoisha. Yalifanyika makubaliano, na mamia ya wapiganaji wakatoka mjini na familia zao kwa malori na mabasi. Sodoma aliyetolewa alikuwa Lutu. Raqqa walitolewa wenye bunduki, wakati raia wengi walikwisha kufukiwa na kifusi. Mwaka 2019 kikosi cha uokoaji cha mji kilikuwa bado kinafukua miili.